Moshi Wangu, Dirisha la Jirani

Kwa miaka 11 nilichoma mahamri uani kwangu Majengo, Mombasa, bila hata siku moja kujiuliza moshi wangu waenda wapi. Ulipanda, ukapita juu ya mabati, ukapotea, nami nikarudi kwenye karai. Februari 2023 nikaambiwa waenda wapi, kwa maandishi yenye muhuri: waingia dirishani kwa jirani. Naandika haya kwa ajili ya mama mwenzangu anayepikia biashara nyumbani kwa kuni au makaa. Makosa niliyoyafanya yalinila pesa nyingi, na moja lilikaribia kuniondolea mwanangu.

Nyumba tunayokaa ni ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi kati na ua nyuma. Mimi nimepanga vyumba viwili vya nyuma pamoja na mamangu, mwanangu wa kike aliyekuwa na miaka 13 wakati huo, na mdogo wake. Kona ya ua iliyoezekwa kwa mabati ndiyo mahali pangu pa kazi: mafiga ya matofali, seredani mbili za kupikia kwa makaa, meza ya kusukumia. Huamka saa tisa usiku. Unga huwa umeumuka tangu jioni, una tui la nazi na iliki, na harufu yake pekee yatosha kuniamsha. Saa kumi karai liko motoni. Saa kumi na moja na nusu makondakta wa matatu na vibarua wa bandarini wako barazani wakingoja.

Upande wa kusini palikuwa na nyumba kama yetu. Ilivunjwa 2021, na mwaka uliofuata pakasimama ghorofa nne. Wapangaji walihamia katikati ya 2022, na hadi Novemba hatukuwa na neno baina yetu. Sababu niliijua baadaye: ulikuwa msimu wa kusi. Kusi ni upepo wa kutoka kusini, ukauchukua moshi wangu upande wa barabara, ambako hapana dirisha. Kaskazi ilipoingia Desemba, moshi ule ule wa jiko lile lile ukageukia ghorofa, na dirisha la ghorofa ya pili liko sawasawa na mgongo wa paa letu. Kwa hiyo anayetaka kuweka jiko la nje hapa pwani na atazame pepo zote mbili, asipime kwa msimu mmoja akadhani amemaliza.

Jirani alikuja wiki ya pili ya Desemba, alasiri, amejitanda leso, amemshika mkono mtoto wa miaka kama minne. Alinisalimia vizuri, tena kwa heshima.

"Bi, niwie radhi, nimekuja kwa jambo la moshi. Huyu mtoto ana pumu. Kila alfajiri huamka kwa kikohozi, na juzi tulimkimbiza hospitali."

Nami nikamjibu, "Dadangu, hapa ni Majengo, si Nyali kwa matajiri. Kila nyumba yapika."

Sikupandisha sauti, lakini neno lilikuwa zito. Mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa mabega. Kila alipovuta, ngozi ya chini ya koo ilibonyea ikaacha kishimo. Niliona kwa macho yangu, nikageuka, nikaketi juu ya mbuzi nikaendelea kukuna nazi. Mpaka leo katika mambo yote ya mwaka ule hilo ndilo linaloniuma zaidi. Laiti ningepanda naye ngazi siku ile nikatazame. Nilikuja kupanda miezi miwili baadaye, nikaona nondo za dirisha zimeshika masizi, na pazia ambalo alinionyesha lilikuwa jeupe likiwa na mstari wa kijivu mahali linapokunjika. Chandarua cha mtoto kilinuka kuni kama nguo zangu.

Na moshi wenyewe haukuwa moshi wa kawaida. Tangu serikali isimamishe ukataji miti kwenye misitu yake Februari 2018, bei ya gunia la makaa ilikuwa imepanda hata nikaanza kuchanganya. Nilinunua kuni za mwembe zilizokatwa wiki ile ile kwa sababu zilikuwa rahisi. Nilinunua pia mbao chakavu za fundi seremala, nyingine zina rangi, nyingine zimepakwa vanishi. Kuwashia nilitumia kipande cha plastiki kwa sababu hushika upesi. Wala sikujua kuwa kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yaliyo ndani yake, na moshi mzito mweupe ni kuni ambayo haijaungua, inapotea hewani pamoja na pesa zangu. Mbao za rangi ni mbaya zaidi, maana rangi ikiungua hutoa sumu, na rangi za zamani huenda zina risasi. Plastiki sina haja ya kuieleza. Nilikuwa nikiwachomea watoto wa watu, na wangu mwenyewe, vitu vya jalalani ili nibane shilingi 60 kwa siku.

Jirani alikwenda kwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi. Niliitwa kikao, sikwenda. Nilisema nina unga wa kuumua. Hapo nilipoteza nafasi ya bure. Kikao cha mtaa hakina gharama wala rekodi, na kwa kawaida watu hutoka wamekubaliana kuhusu saa za kuwasha moto au mahali pa kulihamishia jiko. Nilipokosa kufika, mwenyekiti hakuwa na la kumwambia yule mama ila aende kwa maafisa wa afya ya umma.

Afisa alikuja mwanzo wa Februari, saa kumi na mbili asubuhi, wakati karai bado liko motoni. Kijana mpole. Alisimama uani, akatazama mafiga, akatazama juu, akaomba kuona kuni. Akaokota kipande cha ubao wa rangi ya kijani akakigeuzageuza. Kisha akapanda kwa jirani, akakaa kama robo saa, akarudi na karatasi. Ilani ilinipa siku saba kuondoa kero ya moshi.

Niliisoma mara tatu nimesimama mlangoni, mikono ina unga. Nilitetemeka. Nilidhani nafungiwa. Kwa hivyo nieleze hapa kile ambacho ningependa mtu anieleze asubuhi ile.

Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, ni ya tangu 1921. Kifungu chake cha 118 kinaorodhesha mambo yanayohesabiwa kuwa kero, na dohani inayotoa moshi kwa wingi au kwa namna ya kuudhi au kudhuru afya imo ndani. Kifungu cha 119 ndicho kinachompa afisa uwezo wa kukupa ilani uiondoe kero. Ilani ni muda wa kurekebisha, si hukumu. Ukiupuuza ndipo unapoweza kupelekwa mahakamani. Juu ya hiyo kuna Katiba ya 2010: kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na Jedwali la Nne limeipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa na kero nyingine za umma. Lililonishangaza ni kifungu cha 70. Mtu akienda mahakamani kudai haki hiyo, hahitaji kuonyesha kuwa kuna aliyeumia au aliyepata hasara. Mimi nilikuwa nimejipanga kusema "nithibitishie kuwa ni moshi wangu uliomuumiza." Hoja hiyo haikuwa na miguu.

Lakini pia, na hili liliniondolea hofu nusu nzima, afisa hakunikataza kuni wala makaa. Alisema mtu ana haki ya kupika kwake, na kinachotakiwa ni moshi usimwingilie mwenziwe. Alinishika pia kwa jambo jingine: nilikuwa nauza chakula bila leseni ya biashara ya mwaka ule na bila cheti cha afya cha mshika chakula. Ukilalamikiwa moshi, jua kuwa anayekuja atatazama na mengine yote. Yaweke sawa mapema.

Siku ile ile nilifanya kosa kubwa kuliko yote. Nilijiambia: kama jirani asiyeuona moshi hatalalamika, basi asiuone. Nikaacha kuni, nikanunua gunia la makaa mazuri, nikaziingiza seredani zote mbili ndani ya chumba cha nyuma. Makaa yakishashika hayana moshi, kila mtu anajua. Na ili hata harufu isitoke, nikafunga dirisha la upande wa ghorofa na nikasukuma mlango.

Siku ya kwanza nilipata kichwa kizito. Siku ya pili nilitapika kidogo, nikasema ni joto, maana kaskazi ya Februari kila mtu wa Mombasa aijua. Chumba kilikuwa tanuri. Siku ya tatu sikuwa na la kusema. Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, na mwanangu wa kike aliamka kunisaidia kusukuma. Aliketi kwenye kigoda karibu na seredani. Makaa yalikuwa yamewaka vizuri, mekundu, na juu yake palikuwa na vindimi vidogo vya moto wa buluu, vizuri kutazama. Akasema, "Mama, kichwa chaniuma." Nikamwambia amalize donge lile kisha akalale. Akasema tena, polepole, kama mtu aliyelewa usingizi, "Mama, miguu yangu siioni." Nikageuka nikamwona anateleza kutoka kwenye kigoda, mti wa kusukumia bado uko mkononi. Nilitaka kuinuka. Magoti yalikataa. Nakumbuka nikilitazama komeo la dirisha, liko hatua tatu tu, na nikajua kuwa silifikii.

Aliyetuokoa ni mamangu. Aliamka kutafuta maji ya kutawadhia, maana adhana ya alfajiri ilikuwa karibu, akasukuma mlango kuuliza birika. Alimkokota mjukuu wake kwa mikono miwili hadi uani, mwanamke wa miaka sabini na kitu, kisha akarudi kunipigia kelele mpaka nikatambaa nikatoka. Majirani walisikia. Wa kwanza kushuka ngazi alikuwa yule mama wa ghorofa ya pili, na mumewe ndiye aliyetupeleka hospitali kwa tuktuki yake.

Hospitalini mwanangu aliwekwa oksijeni tangu asubuhi hadi jioni. Daktari alinieleza taratibu. Makaa yanayowaka hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Ukiivuta hushika damu mahali pa oksijeni na haiachii upesi, kwa hiyo mtu hukosa hewa huku anapumua. Mwanzo wake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu. Ndiyo maana watu hudhani ni joto au malaria. Aliyelala hapati hata hiyo dalili. Moshi wa kuni hukufukuza, macho yanalia unatoka nje, lakini gesi hii inakuacha ukae. Aliniambia dalili hizo zikiwapata watu wawili kwa pamoja ndani ya chumba chenye moto, mtu asiulize, atoke kwanza. Na seredani isilale ndani, hata mvua inyeshe, hata ibaki majivu yenye cheche chache tu.

Mwanangu alipona. Kwa wiki kadhaa alikuwa akisahau maneno katikati ya sentensi, kisha nalo likaisha. Hospitali ilinichukua shilingi 3,200.

Jumatatu nilikwenda kwa afisa mwenyewe kabla hajaja. Nilimwambia kila kitu, hata la seredani ndani. Nilikuwa nimeandika barua fupi, mimi na mwalimu wa madrasa aliyenisaidia kuipanga, kuomba muda zaidi na kueleza nitafanya nini na lini. Akanipa hadi kabla ya Ramadhani, ambayo mwaka ule iliingia wiki ya nne ya Machi. Mtu asiogope kuomba muda, ila aombe kwa maandishi, abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na aulize bayana: "Mkirudi mkague, mtataka kuona nini?" Mimi niliambiwa mambo matatu: kuni kavu zisizo na rangi, jiko lililofungwa lenye bomba, na mdomo wa bomba upite madirisha ya jirani au uelekee mahali ambapo afisa atapakubali. Nikayaandika.

Kisha nikaharibu tena. Fundi wa kwanza alisema kazi ni ndogo. Alijenga jiko la matofali, akalitoa bomba ubavuni likapita ukutani kulala chini ya mabati, na kona mbili, likatokezea nje chini ya ukingo wa paa. Nililipa 9,500. Siku ya kuliwasha, moshi ulirudi wote machoni mwetu, na ule mchache uliotoka nje ukaingia chumba cha mpangaji mwenzangu wa mbele. Sasa nikawa na walalamikaji wawili.

Fundi wa pili ni mzee aliyewahi kujenga matanuri ya mikate. Alilitazama bomba lile akatikisa kichwa, akaniita. Alichukua kipande cha karatasi akakiwasha, akakishika mdomoni mwa jiko. "Tazama moshi wenda wapi." Ulizunguka, ukarudi. Alinieleza kuwa bomba huvuta kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, yataka kupanda. Ukiilaza inapoa, ukiipinda inachoka. Bomba liende wima kadiri inavyowezekana, liwe pana, la kwangu la inchi sita, na mdomo upite mgongo wa paa kwa futi mbili au zaidi, la sivyo upepo unaopiga paa huushusha moshi chini. Juu liwe na kofia ya kuzuia mvua, iliyoinuliwa isizibe. Mahali lipitapo kwenye mabati aliacha shubiri nzima kati ya bomba na mbao za paa, akaziba kwa bati jingine, kwa sababu bomba lenye moto huweza kuwasha ubao miezi baada ya kujengwa. Paa la makuti alisema hagusi kabisa, kwa pesa yoyote.

Kazi yake ilinigharimu 14,000 pamoja na vifaa. Ilibidi kwanza nipate idhini ya mwenye nyumba ya kutoboa paa. Aliitoa kwa maandishi ila hakuchangia hata senti. Aliye Mji wa Kale ana hatua zaidi, kwani sehemu ile imetangazwa kuwa ya hifadhi, na kabla hajabadilisha sura ya nyumba na aulize ofisi ya uhifadhi.

Siku hizo nilimpigia kaka yangu aliye London, nikitaka anihurumie. Nikamwambia, watu wa siku hizi wanatuonea hata kwa moshi. Akanyamaza, kisha akaniambia kwamba kule mji uliwahi kufunikwa na ukungu wa moshi wa makaa ya mawe Desemba 1952, watu kwa maelfu wakafa, ikatungwa sheria ya hewa safi mwaka wa 1956. Mpaka leo kuna maeneo ya kudhibiti moshi. Dohani ya nyumba iliyo humo ikitoa moshi mtu aweza kutozwa hadi pauni 300. Hata kuni za kuuzwa kwa mafungu madogo Uingereza lazima unyevu wake usizidi asilimia 20. Hilo la mwisho ndilo lililonifaa. Nilianza kununua kuni za mvinje mwezi mmoja kabla ya kuzitumia, nikazipasua nyembamba, nikazipanga juu ya matofali chini ya mabati, upepo upite. Sina mashine ya kupima unyevu. Nagonganisha vipande viwili: kikavu hulia kwa sauti kali, kibichi hutoa sauti ya kufa. Ncha za kikavu huwa na nyufa. Kuwashia natumia vifuu, ambavyo nyumba ya kukuna nazi haivikosi. Hushika haraka na moto wake ni safi. Makumbi sitii, hasa yaliyopata mvua.

Ukaguzi ulipita siku nne kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Afisa aliwasha mwenyewe, akapanda kwa jirani, akarudi akaandika kuwa kero imeondolewa. Nakala ninayo.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimepanda ngazi mimi pia, kama nilivyosema, na nilipoliona pazia lile nilianza kutazama na ya kwetu. Mamangu amekaa na moshi maisha yake yote. Ana kikohozi ambacho tumekizoea mpaka tumekipa jina la "kikohozi cha bibi", na macho yake hulia hata akiwa amefurahi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka wa 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Bomba langu lilikuwa limemwokoa mtoto wa jirani. Mimi na mamangu bado tulikuwa tumeinamia moto.

Julai 2023 kodi ya nyongeza ya thamani iliondolewa kwenye gesi ya kupikia, baada ya kurudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021 na kupunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata. Nikakopa kwenye chama chetu cha akiba. Mtungi wa kilo 13 uliojaa, jiko la chuma la kichwa kimoja kikubwa, mpira na kirekebishi, vyote 11,800.

Hesabu yenyewe, kwa anayepiga vidole: kuni nilikuwa nikitumia kama 200 kwa siku. Mtungi hunichukua siku kumi, na nilikuwa nikiujaza kwa 2,900, kwa hiyo ni 290. Gesi ilikuwa ghali kwa 90 kila siku, na siwezi kumdanganya mtu kwamba ni rahisi. Ila sasa naamka saa kumi kasorobo badala ya saa tisa, sisugui masizi kwenye karai, na mafuta yangu yadumu siku moja zaidi kwa sababu moto naupunguza ninapotaka. Kwa kuni mafuta yalikuwa yakiungua mara kwa mara. Mahamri ya mwanzo yalitoka mekundu nje na mabichi ndani mpaka nilipojifunza kuushusha moto mara tu yanapoumuka. Wateja wawili walilalamika kuwa ladha ya moshi imekwenda. Mmoja alirudi.

Mtungi nauweka uani, wima, kivulini, mbali na seredani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya, haitoki kwa dirisha la juu. Kila nikibadilisha mtungi napaka povu la sabuni kwenye maungio. Likifanya mapovu yanayokua, nafunga. Nikisikia harufu sigusi swichi ya taa. Na dukani nataka mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, jumlisha 13, kama haufiki sichukui. Nimerudisha mara mbili.

Nikijumlisha hospitali, fundi wa kwanza, wa pili, gesi, na siku 12 ambazo sikuuza kitu, ambazo ni kama 18,000, nilitumia 56,500. Ningenunua gesi siku ile jirani alipobisha hodi Desemba, ningetoa 11,800.

Makaa sijayaacha yote. Mkate wa sinia wataka moto juu na moto chini, na mbaazi za nazi hazikubali kuharakishwa. Hupika hivyo mchana, uani, mlango wazi, na seredani haivuki kizingiti.

Harusi ndizo bado zinanisumbua. Sufuria la pilau la kilo 20 halikai juu ya jiko langu la gesi, na kuyakodi majiko makubwa kwamaliza faida. Kwa hizo natumia kuni kavu na lile jiko la bomba. Siku mbili kabla hupita kwa wapangaji wenzangu na kupanda ghorofani kuwaambia saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Mara ya mwisho ilikuwa kaskazi tena. Mama wa yule mtoto aliniomba nisiwashe kabla ya saa tatu, mtoto awe ameshakwenda madrasa kusoma, na nizime kabla ya adhuhuri. Nilimwambia nyama yataka saa moja zaidi. Tukakubaliana kuwa mtoto siku hiyo ashinde kwa bibi yake, mtaa wa Tudor.